Tarakimu Zilizopinduka Kando ya Tanganyika

Mwezi wa Aprili 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, hali maradhi yamewadhoofisha, walikuwa na swali moja lililowashughulisha mno, nalo ni kama mto Rusizi unatoka katika Ziwa Tanganyika au unaingia. Wenyeji waliwajibu kwamba unaingia, na neno hilo likavunja tumaini la Burton kuwa ziwa hili ndilo chimbuko la Nile. Hata Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakafika kinywani mwa mto, wakayashuhudia maji kwa macho yao. Katika mwambao huo huo hesabu nayo ilikuwa na mwelekeo wake, ukibadilika kutoka ulimi hadi ulimi.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walioleta nguo na shanga hesabu yao ilikuwa ya makumi, kwani khete kumi za shanga zilifanya fundo moja. Lakini Mwarabu, akitaka kutaja 25, hutanguliza mamoja, akasema tano na ishirini. Na hata maandishi yake humsaidia, kwa kuwa jicho lisomalo kutoka kulia hukutana na 5 kabla ya 2. Waswahili walilichukua neno ishirini kwake, wakachukua thelathini na arobaini, wakachukua na thenashara, ambayo ni mbili na kumi. Walakini katika usemi wa kila siku waliyarudisha makumi mbele, wakasema ishirini na tano, kwa utaratibu ule ule wa Mrundi aliye ng'ambo ya Rusizi, asemaye mirongo ibiri na gatanu. Naona hili ni jambo la kustahiwa, kwamba watu waliazima maneno bila kuazima mpangilio, na mpangilio ndio uliobeba desturi yao ya kufikiri.

Kisha zikaja dola za Ulaya. Mpaka Juni 1916, Wabelgiji walipoitwaa Usumbura, Mjerumani aliyetawala huko alisema tatu na sabini kwa 73, na Mflemi katika utumishi wa Ubelgiji alisema vivyo hivyo katika lugha yake. Lakini Kifaransa, kilichotawala katika ofisi za Kongo, kilianza na sabini, tena kwa neno la Kibelgiji, septante, ambalo Mkongo hulitumia hata leo mahali ambapo Mfaransa wa Paris husema sitini na kumi. Karani aliyesikia 73 ikitajwa kwa Kijerumani, naye akaisikia kama Kiswahili, angeandika 37, na tofauti yake ni 36, iwe ya franga au ya vipande vya nguo.

Leo kijana wa Uvira ajifunzaye kuandika programu hupewa zoezi la kuzipindua tarakimu za nambari, na mashine huifanya kazi hiyo kwa kugawanya kwa 10 na kutunza baki. Chukua 1858: baki ni 8, na kilichosalia ni 185, kigawe tena, baki ni 5, nayo hufuatana na ile 8 iliyozidishwa kwa 10, ikawa 85, halafu 858, mwisho 8581. Utaratibu wa namna hii, hatua kwa hatua, Wazungu waliuita kwa jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, ambaye kitabu chake cha hesabu za Kihindi kilitafsiriwa kwa Kilatini, na ndipo likatoka neno algorithimu. Basi mamoja kwanza, kama Mwarabu alivyoyatamka ufukweni.

Mwanafunzi na aijaribu pia 120. Baki ya kwanza ni sifuri, na sifuri iliyo mbele ya nambari haihifadhiki, kwa hiyo hupatikana 21. Naye akiipindua hiyo tena, hupata 12. Ile sifuri, ambayo hata jina lake tulipewa na Waarabu, imekwisha kupotea njiani.