Namanga na Aberystwyth: Lugha ya Shule ya Mji Mdogo

Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mlima Ol Doinyo Orok unautazama wote, Wamaasai wa huku na kule ni ndugu, na malori ya Arusha na Nairobi hupanga foleni palepale. Lakini mtoto wa Longido, upande wa Tanzania, akianza shule ya serikali, lugha atakayofundishiwa siyo ya mwenzake wa Kajiado, upande wa Kenya.

Upande wa Tanzania, ukiacha shule chache za mchepuo wa Kiingereza, hesabu na sayansi za shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la mwisho. Kiingereza ni somo tu, hadi siku mtoto anapoingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitabu kimebadilika. Upande wa Kenya, sera huipa lugha ya eneo miaka mitatu ya mwanzo, kisha kuanzia darasa la nne Kiingereza ndicho kinachofundishia. Tanzania mtoto huvuka kwenda Kiingereza amekomaa, lakini kwa mruko mmoja mrefu. Kenya huvuka mapema, angali akijifunza kusoma vizuri. Sioni upande uliokosa hoja. Tanzania ilitaka mtoto wa mfugaji aelewe somo lenyewe kwanza, tena ilikuwa na makabila zaidi ya 120 ya kuunganisha. Kenya haikutaka mtoto wa Kajiado afike sekondari akiwa nyuma ya yule wa Nairobi.

Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Wales, hauna mpaka wa nchi. Una shule mbili za sekondari za umma. Penglais hufundisha zaidi kwa Kiingereza, Penweddig kwa Kiwelisi. Namanga lugha huamuliwa na upande ulikojenga nyumba, ilhali Aberystwyth mzazi huchagua. Na uchaguzi huo haukushuka kutoka juu. Shule ya msingi ya Kiwelisi ilifunguliwa mjini humo mwaka 1939 kwa juhudi za watu binafsi, ikiwa na watoto saba. Ikaingia mikononi mwa halmashauri mwaka 1952.

Kabla ya hapo, katika karne ya 19, mtoto wa Wales aliyenaswa akisema Kiwelisi shuleni aliweza kuvishwa kipande cha mbao shingoni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia adhabu ya namna hiyohiyo kwa waliosema Kikikuyu katika shule za Kenya ya kikoloni. Aibu hiyo Wales na Kenya zinaifahamu sawasawa. Tanzania iliipa lugha ya Kiafrika hadhi ya darasani mapema kuliko wengi, na kwa hilo inastahili heshima.

Ila hadhi hiyo iliishia mlangoni mwa sekondari. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Tanzania, Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na serikali haikukubali. Wales ilikuwa imekwisha kulivuka daraja hilo: Penweddig ilifunguliwa mwaka 1973, ili watoto waliosoma msingi kwa Kiwelisi waendelee nacho hadi sekondari.

Mtoto wa Kimaasai wa Namanga yuko mbali zaidi na lugha ya shule kuliko wote hao. Kenya sera inamruhusu Kimaasai kwa miaka mitatu, mwalimu akiwa anakijua. Tanzania, tangu siku ya kwanza, Kiswahili chenyewe ndiyo lugha yake ya pili, na Kiingereza kinamngoja kama ya tatu.