Mjadala wa Benchi la Ufundi Katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika soka la Tanzania, benchi la ufundi ni kundi zima la watu wanaokabidhiwa kikosi: kocha mkuu, ambaye wachezaji na mashabiki wengi humwita mwalimu, wasaidizi wake, kocha wa makipa, kocha wa viungo anayeangalia pumzi na nguvu za wachezaji, daktari, mchua misuli, mtunza vifaa na, katika miaka ya karibuni, mchambuzi wa video. Mjadala unaozuka Temeke na Kinondoni kila kundi hilo linapobadilishwa huhesabiwa na wengi kuwa porojo za vijiweni, lakini historia yake inaonyesha kwamba ni masalia ya mamlaka halisi. Kulikuwa na wakati ambapo mwenye kadi ya uanachama alikuwa na neno katika kumpata mwalimu na katika kumwondoa, na mamlaka hayo yalipohamia kwa wafadhili na hatimaye kwenye bodi za kampuni, kura ilikwenda nayo lakini sauti ikabaki mitaani.

Klabu zenyewe hazikuzaliwa vitongojini. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka uliofuata na kupita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, zote ni watoto wa Kariakoo, na makao yao hadi leo yapo huko, moja Jangwani na nyingine Mtaa wa Msimbazi. Hata hivyo, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika kuelekea Magomeni, Temeke na Kinondoni, na familia zilizohama Kariakoo ziliondoka na timu zao mioyoni. Baadaye Tandale, Mwananyamala, Tandika, Mtoni na Mbagala zilifurika wahamiaji kutoka mikoani, ambao walichukua rangi za nyekundu au za njano na kijani kama sehemu ya kuwa watu wa mjini. Umbali huo kati ya makao ya klabu na makazi ya mashabiki ndio uliozaa matawi, yaani vikundi vya wanachama vya mtaa vyenye uongozi, ofisi na bendera yao, kama lile tawi mashuhuri la Simba la Mpira Pesa pale Magomeni. Tawi lilikuwa na kazi ya kuchanga, kusafiri na kushangilia, lakini pia lilikuwa bunge dogo, na hoja iliyorudi mara nyingi kuliko zote katika bunge hilo ilikuwa mwalimu.

Uzito wa hoja hiyo ulionekana katika miaka ya 1970, wakati klabu hizo mbili zilipoanza kuleta walimu wa kigeni. Yanga ilifundishwa na Victor Stanculescu wa Romania, aliyekuwa akiitwa Profesa, na baadaye na Tambwe Leya kutoka Zaire, ilhali Simba ilipata kufundishwa na Nabi Camara wa Guinea. Anayeitazama orodha hiyo kwa makini ataona kwamba inafuata ramani ya urafiki wa kisiasa wa Tanzania ya wakati ule kuliko ramani ya mpira wenyewe. Walimu hao walikuta klabu zilizokuwa mali ya wanachama kwa maana kamili ya neno, ambamo mkutano wa wanachama ungeweza kugawanyika juu ya jambo la uwanjani kama chama cha siasa kinavyogawanyika juu ya sera. Mgogoro ulioipasua Yanga katikati ya muongo huo, ambao miongoni mwa yaliyogombaniwa ndani yake ni Tambwe Leya na namna alivyoiendesha timu, uliishia kwa kundi kubwa la wanachama na wachezaji kujitoa na kuunda Pan African mwaka 1976. Klabu hiyo mpya haikuwa ya hasira za siku mbili, kwa kuwa ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1982. Hakuna mgogoro mwingine wa benchi nchini uliozaa timu bingwa, na huenda hakuna utakaozaa, maana shabiki wa leo asiyemtaka kocha hana tena mlango wa kutokea na wachezaji.

Swali lililodumu zaidi ya mgogoro huo ni la mzawa na mgeni. Timu ya taifa, Taifa Stars, ilipofuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 kwa sare ya 1-1 na Zambia mjini Ndola, kwa bao la Peter Tino ambalo wazee wa vijiweni bado husimulia, jina lililobaki katika kumbukumbu ya safari hiyo ni la mwalimu mzawa, Joel Bendera. Fainali zilipochezwa Nigeria, aliyeongoza benchi alikuwa Slawomir Wolk wa Poland. Tangu hapo mpangilio huo, wa mgeni kukaa mbele na mzawa pembeni yake, umekuwa desturi ya klabu kubwa kiasi kwamba mashabiki wameupa maana yake: mgeni huajiriwa ili alaumiwe, na mzawa ili abaki. Selemani Matola, aliyekuwa nahodha wa Simba enzi za uchezaji wake, ni mfano ulio wazi, kwani amewasaidia walimu kadhaa wa kigeni wa klabu hiyo na ameshika timu kwa muda zaidi ya mara moja baada ya wao kuondoka. Wapo wanaomwona kuwa nguzo, na wapo wanaouliza kwa ukali kwa nini lawama hazimfiki, na ubishi wa pande hizo mbili ni mkongwe kuliko Matola mwenyewe.

Kijiwe, yaani mahali pa kudumu ambapo watu wa mtaa hukutana bila kualikana, ndicho kilichouhifadhi mjadala huu matawi yalipoanza kudhoofika. Vifaa vyake ni vichache: mbao ndefu ya kukalia iliyoegemezwa kwenye kivuli cha ukuta, muuza kahawa mwenye dele lililokaa juu ya makaa, vikombe vidogo vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja, kashata, na hatua chache kutoka hapo meza ya magazeti ambako watu husimama na kusoma vichwa vya habari vya kurasa za mbele bila kununua. Baada ya utangazaji kufunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, redio iliingia katika mpangilio huo. Vipindi vya michezo vya vituo kama Clouds FM, na baadaye EFM na Wasafi FM, viliwapa wachambuzi kazi ya kusema hewani yale yaliyokuwa yakisemwa Tandika, na Tandika nayo ikaanza kuyarudia kwa istilahi za redioni. Kibanda umiza, yaani banda la kulipia ambamo watu hubanana kutazama mechi kwenye televisheni, kilimwongezea shabiki kitu ambacho baba yake hakuwa nacho, kwa sababu aliyekwisha kutazama ligi za Ulaya kila wiki humpima mwalimu wa timu yake kwa kipimo kingine, hata kama kipimo hicho hakina uhusiano na mshahara unaolipwa Jangwani au Msimbazi.

Pamoja na elimu hiyo yote, hukumu kubwa imeendelea kutolewa na mechi ya watani, yaani Simba na Yanga, na hapa historia ina ushahidi wa kutosha. Ernie Brandts, Mholanzi aliyeipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2012/13, alifungwa 3-1 na Simba Desemba 2013 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, ambayo ilikuwa ya kirafiki na haikuwa na pointi hata moja, na akaondolewa. Mwaka mmoja baadaye, katika mechi ya jina hilo hilo, Mbrazili Marcio Maximo, ambaye miaka michache kabla alikuwa kipenzi cha taifa akiwa na Taifa Stars, alifungwa 2-0 na yakamkuta yale yale. Upande wa pili, Pablo Franco aliondoka Simba Mei 2022 mara tu baada ya kutolewa na Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nchini, na Roberto Oliveira, maarufu Robertinho, alifungashiwa virago siku mbili baada ya kipigo cha 5-1 cha tarehe 5 Novemba 2023. Tangazo la kumwondoa Robertinho linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa halikumtaja yeye peke yake, bali liliondoa pia kocha wa viungo, Corneille Hategekimana. Miaka ya nyuma mashabiki wangetaka kichwa cha mwalimu tu, lakini safari hii lawama ya wachezaji kuishiwa pumzi ilikuwa na mwenyewe wa kubebeshwa. Tangazo la namna hiyo kwa kawaida husema kwamba pande mbili zimefikia makubaliano ya kuachana, kauli ambayo vijiwe vimeshajifunza kuisoma kinyume.

Hata hivyo si kila aliyefukuzwa alikuwa amefungwa. Zlatko Krmpotic, Mserbia aliyefika Yanga mwaka 2020, alidumu siku 37 na akaondolewa akiwa ameshinda mechi nne za ligi na kutoka sare moja. Hoja iliyosikika ilikuwa kwamba timu inashinda lakini haichezi, na anayeicheka hoja hiyo hajaelewa kitu cha msingi katika ushabiki wa Dar es Salaam, ambako ushindi usio na maelezo mazuri humwacha shabiki bila silaha mbele ya mtani wake kesho yake asubuhi. Ndiyo maana mitindo ya walimu hupewa majina: Sead Ramovic alikaa Yanga miezi michache tu, kuanzia Novemba 2024 hadi Februari 2025, lakini alitosha kuacha nyuma msemo wa gusa, achia, twende kwao, ambao ni muhtasari wa haki kabisa wa soka la pasi za haraka kwenda mbele. Kabla ya Krmpotic, klabu hiyo hiyo ilikuwa imemfukuza Mbelgiji Luc Eymael Julai 2020 kwa sababu ya matamshi ya kuwadhalilisha mashabiki, na kwa mara moja mwalimu na mashabiki walikuwa wamebadilishana viti, yeye akiwa ndiye aliyewahukumu wao.

Jambo jingine lililobadilisha mjadala ni vyeti. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilipokaza masharti ya madaraja ya leseni za ukocha, mashabiki walilazimika kujifunza tofauti ya daraja moja na jingine kama wanavyojua namba za jezi. Mfaransa Didier Gomes alizuiwa mwaka 2021 kukaa kwenye benchi la Simba katika mechi za Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya daraja la cheti chake, na alipoondoka Oktoba mwaka huo, baada ya Simba kufungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy ya Botswana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa na kutolewa, mabishano ya Temeke yalihusu karatasi kama yalivyohusu mabeki. Wakati huo ramani ya kuajiri nayo ilikuwa imehama. Mtunisia Nasreddine Nabi, aliyeifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Mualgeria Abdelhak Benchikha na Mwafrika Kusini Fadlu Davids, aliyeifikisha Simba fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, hawakuletwa na urafiki wa serikali, bali na hamu ya klabu kushindana na timu za Kaskazini na Kusini mwa bara.

Aliyewaajiri hakuwa tena mwanachama. Wanachama wa Simba walikubali mwaka 2017 kuingia katika mfumo wa hisa, ambapo asilimia 49 zilielekezwa kwa mwekezaji, Mohammed Dewji, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na Yanga ikafuata njia yake ya mabadiliko ikiwa na kampuni ya GSM kama mdhamini na mfadhili. Mkataba wa kocha sasa ni kazi ya ofisi yenye mtendaji mkuu na mwanasheria.

Ajabu iliyobaki ni kwamba vitongoji hivi vina timu zao ambazo benchi zake hazimnyimi mtu usingizi. Azam FC ina uwanja wake Chamazi, Temeke, na ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kufungwa, ikiumaliza msimu huo chini ya Mkameruni Joseph Omog, ambaye hakuzungumziwa sana vijiweni mpaka alipohamia Simba. KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018 na kumaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije, ambaye aliondoka kwenda Azam bila kelele yoyote mitaani Kinondoni. Kelele zilimfikia baadaye, alipokabidhiwa Taifa Stars na kuanza kuchagua nani aitwe kutoka Simba na nani kutoka Yanga.