Uharibifu wa maegesho ya magari, Muyeye

Maegesho ya biashara katika Muyeye, mtaa wa mji wa Malindi, Kaunti ya Kilifi, hutandikwa lami au kabro, au huachwa na kifusi cha matumbawe kilichoshindiliwa. Kuharibika kwake huanzia chini ya uso unaokanyagwa, na mshitakiwa wa kwanza ni maji. Vitabu vya uhandisi vya nchi za baridi hutanguliza barafu. Pwani barafu haiko, na mvua za masika zinatosha.

Mvua hizo hufikia kilele mwezi Mei. Maji yakituama juu ya lami hupenya ufa mwembamba na kulegeza tabaka la kokoto. Kila gurudumu linalopita huyabana, nayo hutoka yamebeba chembe laini za msingi. Uso uliokosa cha kuegemea hupasuka mfano wa ngozi ya mamba, kisha huwa shimo. Mchanga wa Malindi husingiziwa bure: ukishindiliwa na kuzuiwa pande zote, hubeba mzigo vizuri. Ukiachwa wazi pembeni huondoka na maji, ndiyo maana kabro isiyo na kingo za zege huanza kuachana ukingoni. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, unaoelekea mtaroni, ungeepusha mengi ya hayo.

Mshirika wa maji ni lori la mizigo. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba mzigo wa ekseli ukiongezeka maradufu, madhara huongezeka takriban mara 16. Kwa hesabu hiyo tuktuk na magari madogo ya wateja hayana kesi kubwa. Hata hivyo wenye majengo wengi hutandika unene uleule kila mahali, na njia ya kupakulia shehena ndiyo hubonyea kwanza.

Jua hukausha lami ikawa ngumu na kukatika kwa urahisi. Dizeli na oili zinazodondoka huilainisha. Mizizi ya miarobaini ya kivuli huinua kabro. Kabro ina nafuu yake: hung'olewa, mchanga ukasawazishwa, ikarudishwa ileile. Lami iliyofikia ngozi ya mamba haiponi kwa kupakwa nyingine juu. Msingi uliolowa huchimbwa na kujazwa upya, na mtaro kutengenezwa kabla ya kiraka.