Muguga na mwisho wa sotoka

Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Afrika na ng'ombe walioshushwa Massawa mwaka 1887 kwa ajili ya jeshi la Italia. Ndani ya miaka kumi ilikuwa imefika Afrika Kusini. Mnyama alishikwa na homa, machozi na makamasi yakamchuruzika, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaharisha mpaka akafa. Katika kundi lisilowahi kuugua, tisa kati ya ng'ombe kumi waliweza kufa. Nyati na nyumbu walianguka vilevile. Kwa Wamaasai, ambao chakula, mahari na heshima vyote vilitoka zizini, ilikuwa kuporomoka kwa nchi nzima.

Kilichoikomesha kilitengenezwa hapahapa Afrika Mashariki. Muguga, magharibi ya Nairobi upande wa Limuru, palikuwa na kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo kilichozitumikia kwa pamoja Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1956 alihamia hapo Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923, ambaye tayari alikuwa amefanya kazi Kabete na kule Vom, Nigeria.

Chanjo zilikuwepo. Iliyotumika sana ilitokana na kirusi kilichopitishwa kwenye mbuzi, na ilikuwa kali: ng'ombe wa mbegu fulani waliugua kwa chanjo yenyewe, wengine wakafa. Mfugaji aliyeshuhudia hayo mara moja hakuleta tena mifugo yake, na nani angemlaumu?

Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua kirusi cha Kabete O, kilichotolewa kwa ng'ombe wa Kenya mapema katika karne ya 20, wakakiotesha kwenye seli za figo za ndama. Kilipozaana, walikihamishia kwenye seli mpya, kisha nyingine, karibu mara 90. Kazi hiyo ilidai uvumilivu mkubwa kuliko kipaji cha ghafla, maana seli zikichafuka lazima uanze upya. Mwishowe kirusi kilikuwa kimesahau kuua, ila mwili wa ng'ombe bado ulikitambua na kujikinga. Sindano moja ilitosha maisha yote. Ndama, ng'ombe wenye mimba na mbegu zote waliistahimili, na bei yake ilikuwa ndogo.

Kampeni kubwa ya kuchanja ng'ombe Afrika ilianza mwaka 1962 na kuendelea hadi 1976. Ugonjwa ukabanwa kwenye maeneo machache, serikali zikalegeza uzi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikarudi kwa nguvu.

Matokeo ya chanjo yalionekana hata kwa wanyama wasiochomwa sindano. Ng'ombe walipokingwa, nyumbu wa Serengeti waliacha kuambukizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Msafara unaovuka Mto Mara leo ni zao la kazi hiyo, jambo linalostahili kutajwa na kila anayewapeleka watalii kuutazama.

Lakini nyumbu wengi walimaanisha taabu nyingine kwa Wamaasai. Tangu zamani walijua kwamba ng'ombe wakilisha mahali nyumbu wanapozaa, baadhi watashikwa na homa, macho yatafunga ukungu, na watakufa. Ndiyo maana msimu wa nyumbu kuzaa waliwahamisha ng'ombe wao. Mwaka 1960 Plowright na wenzake walionyesha kwamba nyumbu kweli hubeba kirusi cha ugonjwa huo bila wenyewe kuugua. Wafugaji waliamini hatari iko kwenye kondo la nyuma. Utafiti ukaielekeza zaidi kwenye makamasi na machozi ya ndama wa nyumbu. Shauri la kukaa mbali likabaki vilevile. Plowright alijaribu pia kupata chanjo ya ugonjwa huo, akashindwa.

Udhaifu wa chanjo ya sotoka ulikuwa joto: bila jokofu iliharibika haraka, na wafugaji wengi waliishi mbali na umeme. Mtafiti Jeffrey Mariner alipotengeneza aina ya chanjo hiyo inayostahimili wiki kadhaa bila baridi, wafugaji waliofunzwa waliweza kuibeba kwa miguu hadi Karamoja na Sudan Kusini. Kisa cha mwisho kilionekana mwaka 2001 kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Tangazo la kutokomezwa lilitolewa mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya Plowright kufariki. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani, baada ya ndui.

Kazi nyingine ya Plowright ingali wazi. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliripoti kwamba papasi wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri hubeba kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Mwaka 2007 homa hiyo ilifika Georgia, mwaka 2018 ikaingia China, na wafugaji wa nguruwe wa Uganda na Tanzania bado hupoteza mabanda mazima kwa wiki chache.