Deheni, Mawese na Grisi: Nani Alilainisha Reli?

Tafuta neno deheni kwenye kamusi ya Kiswahili. Ni mchanganyiko wa mafuta na chokaa ambao mafundi wa majahazi hupaka sehemu ya chini ya chombo ili maji yasipenye. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu mafuta na kupaka. Sasa angalia kinachotokea ndani ya mchanganyiko huo: chokaa ikikutana na shahamu huzaa sabuni, ila ni sabuni isiyoyeyuka kwenye maji. Chukua sabuni ya namna hiyo, ikoroge na oili, na utakuwa umepata grisi.

Wengi wetu tunadhani grisi ni oili nzito tu. Kumbe ni oili iliyoshikwa na sabuni, kama sponji lilivyoshika maji. Beringi ikizunguka, sabuni inaachia oili kidogo kidogo. Oili ndiyo inayolainisha, sabuni inaizuia isikimbie. Kwa hiyo mtengenezaji anajiuliza: oili gani, sabuni gani, na niongeze nini? Jibu linategemea mzigo, kasi, joto na maji. Grisi ya chokaa inavumilia maji lakini joto likizidi inalegea. Ya soda inavumilia joto zaidi, ila maji huiosha ikaondoka.

Hesabu hizo zilianza kuwa biashara kubwa pale Uingereza ilipojenga reli. Njia ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na ekseli za mabehewa zikahitaji kulainishwa mchana na usiku. Mwaka 1835 Henry Booth, mmoja wa viongozi wa reli hiyo, alipata hataza ya grisi ya ekseli iliyotengenezwa kwa soda, maji, shahamu na mawese. Grisi ilijazwa kwenye kisanduku juu ya ekseli. Ekseli ikipata moto, grisi inayeyuka na kushuka yenyewe. Baadaye reli zikawa na mapishi mawili. Ya kiangazi yalikuwa na shahamu nyingi ili grisi isiyeyuke upesi. Ya majira ya baridi yalipunguziwa shahamu na kuongezwa mafuta ya nyangumi ili isigande.

Tusimame kwenye hayo mawese, maana hapa ndipo historia inapouma. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na wafanyabiashara wa Liverpool wakageukia mawese ya Afrika Magharibi kwa ajili ya sabuni, mishumaa na vilainishi vya mitambo. Delta ya Niger ikaitwa Mito ya Mafuta, na mafuta yenyewe yalikuwa mawese. Petroli ilikuwa bado sana.

Huko ndiko aliko Jaja wa Opobo. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapanda hadi akawa mfalme na tajiri wa mawese, akataka kuyapeleka Liverpool mwenyewe bila dalali Mwingereza. Mwaka 1887 konsuli Harry Johnston alimwita kwa mazungumzo, akamkamata. Jaja alipelekwa uhamishoni Karibi, akafariki mwaka 1891 akiwa njiani kurudi nyumbani. Johnston huyohuyo ndiye aliyetia saini Mkataba wa Buganda mwaka 1900.

Kisima cha Edwin Drake kule Pennsylvania, mwaka 1859, kilifungua enzi ya petroli, na polepole mafuta ya mimea na wanyama yakasukumwa pembeni. Mapishi hayakuisha. Oili ya injini ya leo ni mafuta ya msingi pamoja na kemikali za kuzuia kutu, povu, masizi na msuguano wa chuma kwa chuma. Ile 15W-40 unayoiona kwenye dumu gereji ni mapishi ya kiangazi na ya baridi yaliyotiwa chombo kimoja: W ni ya baridi, 40 inaeleza uzito wake injini ikiwa ya moto.

Mimea nayo haijaondoka. Jina Castrol, la mwaka 1909, limetokana na mafuta ya nyonyo, ambayo yalilainisha injini za ndege katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Na grisi inayotumika zaidi duniani leo, ya lithiamu, kwa kawaida sabuni yake hutengenezwa kwa asidi inayotokana na mafuta ya nyonyo. Ndiyo, mbarika zilezile zinazojiotea nyuma ya nyumba.

Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba mapinduzi ya viwanda ni makaa ya mawe, chuma na mvuke. Sawa. Lakini chuma kinachosuguana na chuma bila mafuta hakifiki mbali, na sehemu ya mafuta hayo ilikamuliwa kwa mikono ya Waafrika, wengi wao wanawake na watumwa, ambao majina yao hayamo kwenye hataza yoyote. Jaja tunamjua kwa sababu alibishania bei.