Kutoka na Kufikiwa

Ndugu msomaji, katika mawasiliano ya wanadamu kuna mambo mawili ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa jambo moja. La kwanza ni uwezo wa kutoka kwako na kwenda kwa wengine. La pili ni uwezo wa wengine kutoka kwao na kuja kwako. Mtu aweza kuwa na lile asiwe na hili. Mwenye simu ambayo namba yake haijulikani na mtu yeyote aweza kuwapigia wote awatakao, wala hapana hata mmoja awezaye kumpigia yeye. Atasema kwamba ana simu, na kweli anayo. Lakini ana nusu tu ya faida yake.

Insha hii yaeleza tofauti hiyo kwa habari za mji wa Machakos, ulio chini ya vilima vya Iveti, kiasi cha kilomita 65 kutoka Nairobi. Tutaanza na misafara na reli, kisha tutafika katika zama za intaneti, ambamo swali la kale limerudi katika vazi jipya. Swali lenyewe ni hili: kijana wa Machakos akiweka nyumbani kwao kompyuta yenye tovuti aliyoitengeneza mwenyewe, je, mtu aliye Mombasa, Muscat au London ataweza kuifikia? Kompyuta ya namna hiyo, ambayo kazi yake ni kungoja maombi ya wengine na kuyajibu, huitwa seva. Kuipata si kazi kubwa, maana hata kompyuta kuukuu yatosha. Kazi ni kuifanya ifikiwe.

Zamani Machakos ilifikiwa kabla ya miji mingi ya bara. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa hodari wa biashara ya masafa marefu, na misafara yao ya pembe za ndovu ilishuka mpaka pwani. Mwaka wa 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alisafiri kutoka Rabai mpaka Ukambani, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1889, kampuni ya Kiingereza iliyopewa idhini ya kutawala na kufanya biashara katika Afrika ya Mashariki ilianzisha kituo katika nchi ya Masaku, kiongozi wa Wakamba ambaye jina lake, kwa matamshi ya wageni, ndilo lililogeuka kuwa Machakos. Misafara iliyokwenda Uganda ilisimama hapo kununua chakula. John Ainsworth alishika usimamizi wa kituo hicho mwaka wa 1892, na Machakos ikawa makao ya utawala wa Ukambani.

Ndipo ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Wajenzi hawakuielekeza kwenye vilima vya Iveti, bali waliipitisha magharibi, katika nchi tambarare ya Konza na Athi, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Mwaka huo huo makao ya utawala yakahamishwa kutoka Machakos kwenda Nairobi, mahali palipokuwa kambi tu ya wajenzi wa reli. Zingatia vema jambo hili. Machakos haikuondoka mahali pake, wala watu wake hawakupungukiwa na akili au bidii. Kilichohama ni mlango. Tangu hapo, aliyetaka kuleta mzigo Machakos kwa gari la moshi alilazimika kuushusha kwenye stesheni ya mbali na kuumalizia safari kwa njia nyingine. Mji uliokuwa mlangoni ukawa chumba cha ndani.

Mfano wa pili u katika barua. Nyumba nyingi za Kenya hazina namba wala jina la mtaa ambalo tarishi aweza kulifuata. Barua huenda katika Sanduku la Posta, na si kila jamaa ina sanduku lake. Kwa miaka mingi wazazi wa vijijini walitumia sanduku la shule au la kanisa. Barua ya mjini iliandikwa jina la baba, kisha jina la shule, kisha namba ya sanduku. Mwalimu aliipokea, akamwita mwanafunzi wa jamaa ile, akampa aipeleke nyumbani. Sanduku moja liliwahudumia watu mamia, na mpango huo ulikwenda vizuri maadamu mwalimu alijua kila jina ni la nani. Lakini barua iliyokuja na namba ya sanduku peke yake, bila jina, ililala ofisini. Uweke mfano huu akilini, kwa maana utatufungulia mlango wa intaneti.

Intaneti ni muungano wa mitandao ya kompyuta ulimwenguni, nayo yaongozwa na kanuni za mawasiliano ambazo mtandao wa kwanza wa Marekani ulizipokea tarehe 1 Januari 1983. Kwa kanuni hizo, kila habari hukatwa katika vifurushi vidogo, na kila kifurushi huandikwa anwani ya kiendako na anwani ya kitokako. Anwani hizo ni namba. Waliozibuni waliziwekea nafasi ambayo haiwezi kutoa zaidi ya anwani 4,294,967,296. Wakati huo kompyuta zilikuwa chache, na hesabu hiyo ilionekana kuwa bahari isiyokauka. Lakini bahari ilikauka. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa mashirika matano yanayosimamia anwani katika sehemu za dunia. Shirika la Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka wa 2005, wakati wenzake wa Ulaya na Marekani walipokuwa wamekwisha kugawa anwani kwa miaka mingi.

Kenya nayo iliingia safarini kwa hatua. Alama yake ya majina ya tovuti, yaani .ke, iliandikishwa mwaka wa 1993, na huduma ya intaneti ikaanza kupatikana nchini mwaka wa 1995. Hapakuwa na mkongo wa mawasiliano wa baharini. Habari zilipanda angani kwenye setilaiti na kushuka ng'ambo. Yalitokea hata maajabu haya: barua iliyoandikwa katika kompyuta ya Nairobi kwenda kwa jirani wa Nairobi aliyehudumiwa na kampuni nyingine ilisafiri kwanza mpaka ng'ambo, kisha ikarudi. Ili kuondoa hasara hiyo, makampuni ya intaneti yalianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa hapa nchini, kiitwacho KIXP, mwezi wa Novemba 2000. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ilipinga, na Tume ya Mawasiliano ikakifunga kituo mwezi wa Desemba. Kilifunguliwa tena mwezi wa Februari 2002, baada ya shauri refu. Kisha, mwaka wa 2009, mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa, na nyaya za nuru zikaenea bara.

Hivyo leo Machakos ina intaneti. Mwanafunzi hutazama maktaba za ulimwengu kwa simu ya mkononi. Uwezo wa kutoka umepatikana. Je, na uwezo wa kufikiwa?

Hapa ndipo lile sanduku la shule linaporudi. Kwa kuwa anwani hazikutosha, mafundi walibuni njia ya kuzishiriki. Maelezo yake yalitolewa mwaka wa 1994, na mwaka wa 1996 yakatengwa rasmi mafungu ya anwani za matumizi ya ndani tu. Ukiichungua kompyuta ya nyumbani kwenu, yamkini utaiona ina anwani kama 192.168.1.10. Namba hiyo hiyo imo katika nyumba nyingi mno duniani, wala haina maana nje ya kuta zenu. Anwani ya nje ni ya ruta, yaani kile chombo kinachounganisha nyumba na kampuni ya intaneti. Ruta ndiye mwalimu wetu mwenye sanduku. Kompyuta ya ndani ikituma ombi nje, ruta huandika katika daftari lake ni nani aliyetuma, na jibu likirudi hulipeleka kwa mwenyewe. Lakini mgeni akibisha kwanza, bila ya kuitwa, ruta hulitazama daftari, haoni jina, na hodi hiyo haipokelewi.

Dawa yake ni kumwachia mwalimu maagizo. Seva hungojea wageni katika milango yenye namba; mlango wa 443 ndio wa tovuti zinazosomwa kwa siri, na wa 80 ndio wa zile zilizo wazi. Mwenye nyumba huipa seva anwani ya ndani isiyobadilika, kisha huiagiza ruta kwamba kila abishaye hodi katika mlango wa 443 apelekwe kwenye anwani ile. Tena, kwa kuwa makampuni mengi huibadilisha anwani ya nje mara kwa mara, hutafuta jina la tovuti na programu ndogo inayolipeleka jina hilo kwenye anwani mpya kila inapobadilika. Mwisho humwomba rafiki aliye katika mtandao mwingine ajaribu kuingia, maana anayebisha akiwa ndani ya nyumba hawezi kujua kama mlango wa nje umefunguka.

Waama, wengi hufanya hayo yote na mgeni asifike. Sababu ni kwamba makampuni mengi ya simu nayo huwaweka wateja wao, maelfu kwa maelfu, nyuma ya anwani moja. Mwaka wa 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, linaloanza na 100.64 na kuishia na 100.127. Ukiikuta namba ya namna hiyo katika ruta yenu, ujue kwamba nyuma ya mwalimu wenu yuko mwalimu mkubwa zaidi, ambaye hapokei maagizo yenu. Nyumba imekuwa chumba cha ndani ya chumba cha ndani.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kuiomba kampuni anwani ya pekee, ambayo aghalabu hulipiwa. Ya pili ni anwani za namna mpya, ambazo wingi wake hauwezi kuhesabika kwa maneno ya kawaida, na kila chombo chaweza kupata yake. Lakini si kila kampuni imezifikisha nyumbani kwa watu. Ya tatu ni kukodi kompyuta ndogo mahali penye anwani ya wazi, na kuiagiza seva ya nyumbani itoke yenyewe kwenda kwake na kushika njia hiyo daima. Mgeni hubisha kule, naye huongozwa mpaka Machakos. Njia hii hufaa sana, lakini iangalie vizuri. Ni ile ile stesheni ya mbali ya mwaka wa 1899. Mzigo unafika, lakini kwa mlango wa mtu mwingine.

Huenda ukauliza, kwa nini mtu ajisumbue, na hali kuna makampuni makubwa ya ng'ambo yaliyo tayari kumtunzia kila kitu? Swali lako ni la haki, na mara nyingi kukodi ni busara. Umeme wa nyumbani hukatika, na mlango uliofunguliwa kwa dunia haubishwi na marafiki peke yao. Katika muda mfupi baada ya kuufungua, programu za wezi zitaujaribu kitasa. Kwa hiyo anayefungua mlango hana budi kufungua ule mmoja tu anaouhitaji, kuweka neno la siri gumu, kuzipa programu zake marekebisho kila yatokapo, kuitenga seva na vyombo vingine vya nyumbani, na kuweka nakala ya kazi zake mahali pengine.

Lakini fikiri upande wa pili. Tuseme wanafunzi wamekusanya hadithi za wazee kwa Kikamba, wakazirekodi sauti na kuziandika. Zikitunzwa na kampuni ya mbali, kampuni hiyo yaweza kupandisha bei, au kubadilisha masharti, au kufunga huduma, na sauti za wazee zikapotea bila ya mtu wa Machakos kuulizwa. Zikiwa katika seva ya hapa, mwenye ufunguo ni mwenyewe. Walioanzisha KIXP walilijua jambo hili: walipigania haki ya jirani kuzungumza na jirani bila ya kuomba njia ng'ambo.

Leo karibu na ile stesheni ya Konza, mpakani mwa Machakos na Makueni, kunajengwa mji wa teknolojia ambao kazi yake ilizinduliwa mwezi wa Januari 2013, nao una kituo cha taifa cha kutunza data. Reli iliupa mgongo mji wa Masaku. Sasa mashine kubwa za nchi zimekuja kukaa katika njia ile ile. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, nyumba kubwa za serikali hazimwondolei raia haja ya kujua njia za mawasiliano yake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukirudi nyumbani itazame ruta yenu na uisome anwani yake. Uulize kama ni yenu peke yenu au ni ya watu wengi. Swali hilo halina gharama, na jibu lake litakuonyesha kama nyumba yenu i njiani, au bado imo katika chumba cha ndani.