Baka lisilowasha ndilo la kupimwa haraka

Wagonjwa wengi wa ngozi hukimbilia duka la dawa kwa sababu moja tu: kuwashwa. Mtu aliyejikuna usiku kucha hasubiri, asubuhi na mapema yuko dirishani anaulizia dawa. Ila baka lisilowasha wala kuuma, lililokaa kimya mgongoni au kwenye paja, huachwa hata miaka miwili. Mkoani Morogoro baka la namna hiyo linaweza kuwa ukoma.

Ukoma haujaisha. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha kuutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, na wengi wakaelewa kwamba ndiyo basi tena. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima. Zipo wilaya ambako wagonjwa wapya wameendelea kupatikana, zikiwemo za mkoa wa Morogoro.

Kila muwasho na tyubu ile ile

Bigwa ni kata iliyo pembezoni mwa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na ndiko inakoanzia barabara ya kwenda Matombo hadi Kisaki. Mkulima anayeshuka na ndizi zake kutoka Mkuyuni hupita hapo kuingia mjini. Akiwa na tatizo la ngozi, duka la dawa ndilo rahisi: halina foleni, na mara nyingi atapewa tyubu ya krimu ya mchanganyiko bila mtu kuangalia sehemu yenyewe.

Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, kama betamethasoni. Hutuliza muwasho ndani ya siku mbili tatu, ndiyo maana zinapendwa. Kwa pumu ya ngozi ni dawa nzuri, ikitumika kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Kwenye fangasi ni balaa. Wekundu na muwasho vinapungua, lakini kinga ya ngozi mahali pale nayo imelazwa, na fangasi wanaendelea kutambaa. Baada ya wiki chache baka limekuwa kubwa, ukingo wake umefutika, na hata daktari anapata shida kulitambua. Anayepaka kwa miezi, ngozi yake huwa nyembamba na kutoa michirizi isiyoondoka.

Fangasi wa mwilini, ambao wengine huwaita choa, hujulikana kwa umbo: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati kama pamepona. Mtaalamu akiwa na shaka hukwangua magamba na kuyaangalia kwa hadubini, kipimo cha dakika chache tu. Klotrimazoli ya kupaka hutosha kwa wengi, mradi mgonjwa aendelee wiki moja au mbili baada ya baka kupotea. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine. Krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele, kwa hiyo mtoto anahitaji vidonge, kwa kawaida griseofulvini kwa wiki sita hadi nane.

Halafu kuna upele. Ukiwasha zaidi usiku, ukiwa katikati ya vidole, kiunoni na sehemu za siri, na nyumbani wanajikuna watu wawili watatu, hao ni wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Losheni ya benzili benzoeti (BBE) hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, kwa watu wote wa nyumba siku hiyo hiyo, hata asiyewashwa, na nguo na mashuka hufuliwa na kuanikwa juani. Familia nyingi humpaka mtoto mmoja, wengine wanamwambukiza upya, kisha lawama zinakwenda kwa dawa. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili tatu hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo si sababu ya kurudi kwenye tyubu.

Pamba na macho yaliyofumbwa

Baka la ukoma huwa limepauka kuliko ngozi inayolizunguka, au lina wekundu kama wa shaba. Mara nyingi ni kavu, halitoi jasho, na vinyweleo vyake vimepungua. Si jeupe kama maziwa. Weupe wa hivyo ni barango. Utango nao hupausha kifua na mgongo kwa madoa yenye ungaunga, na ndio unaochanganya watu zaidi. Tofauti ni kwamba kwenye barango na utango hisia zipo.

Kipimo hakihitaji mashine. Mgonjwa anafumba macho, mhudumu anamgusa hapa na pale kwa ncha ya pamba, naye anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Akiguswa ndani ya baka asijue, hiyo inatosha kumwanzishia safari ya matibabu. Mhudumu pia hupapasa mishipa ya fahamu nyuma ya kiwiko, pembeni mwa goti na shingoni, kuona kama imevimba. Wapo wagonjwa wasio na ganzi kwenye mabaka, ila wana vinundu usoni na masikioni. Hao huchukuliwa majimaji kidogo kwenye ndewe la sikio kutafuta vimelea.

Wakati mwingine nyumbani ndiko dalili inakoonekana kwanza. Mama ameshika sufuria ya moto na hakusikia. Ndala inavuka mguuni, mtu anatembea hatua kadhaa bila kujua. Kidole kidogo cha mkono kinaanza kujipinda.

Kimelea kilionwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Huzaliana polepole mno: kwa kawaida dalili hutokea baada ya miaka mitano hivi, mara nyingine hata 20. Ndiyo maana mgonjwa hakumbuki alipoupata, na maneno ya kurogwa au mkosi wa ukoo hupata nafasi. Huenea kwa matone ya pua na mdomo ya mgonjwa asiyetibiwa, kwa kukaa naye karibu muda mrefu, na watu walio wengi wana kinga ya asili.

Dawa ni bure

Matibabu ni mseto wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6 kwa mwenye vimelea vichache na miezi 12 kwa mwenye vingi. Hutolewa bure kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977. Ndiyo sababu mgonjwa wa baka huelekezwa kliniki ya kifua kikuu na kushtuka. Mkojo utakuwa mwekundu na ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi, mambo yanayowafanya baadhi waache dawa bila sababu. Mapema tu baada ya kuanza dozi, mgonjwa haambukizi tena. Kumtengea sahani na kikombe ni kumuumiza bure. Wanaoishi naye hupimwa, na wasio na dalili wanaweza kupewa dozi moja ya rifampisini ya kinga.

Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha ni hili: katikati ya dozi, au hata baada ya kumaliza, mabaka yanaweza kuvimba ghafla, mishipa ikauma na mkono ukalegea. Si kwamba dawa imeshindwa. Ni mwili unapambana na mabaki ya vimelea, na mishipa inaumia katikati ya vita hiyo. Hapo mgonjwa arudi kliniki siku hiyo hiyo, dozi asiiache. Atapewa prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi, jamii moja na ile iliyomo kwenye tyubu ya dukani. Safari hii, kwa vipimo na uangalizi, ndiyo inayookoa mkono. Ganzi iliyokaa zaidi ya miezi sita mara nyingi hairudi nyuma.

Si lazima kusubiri nauli ya kwenda hospitali kubwa. Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na zahanati inaweza kufanya kipimo cha pamba na kumpeleka mgonjwa kwake.